Jiko la Nyumbani, Darasa la Kwanza la Mtoto

Wazee wetu walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Watu wengi hulitaja neno hili wanaposhika fimbo. Lakini fimbo siyo chombo pekee cha kumkunja samaki. Mkono wa mama uongozao mkono mdogo juu ya ungo, huo nao wakunja, tena wakunja bila kuvunja.

Leo twataka kunena nanyi juu ya elimu ambayo mtoto, tangu miaka mitatu hata saba, aweza kuipata nyumbani mwenu kwa kushika, kupima, kuchambua na kugawa vyakula vya kila siku: maharagi, mahindi, unga wa mihogo, karanga, ndizi, chumvi na maji. Elimu hii haitaki kitabu wala fedha. Hata mama asiyejua kusoma aweza kuitoa, na aitoe vizuri.

Kwa nini jambo hili latupasa

Katika nchi yetu ya Kongo mtoto huingia shule ya msingi akiwa na umri wa miaka sita. Tangu mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kuondoa malipo ya wazazi katika shule za msingi za umma, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyoagiza. Watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia masomoni, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini madarasa yalijaa. Mwalimu aliye mbele ya umati wa watoto hawezi kumshika kila mmoja mkono na kumwonyesha kumi ni ngapi, nusu ni nini, au kipi kizidicho na kipi kipungukacho. Shule za watoto wadogo nazo ni chache, hasa vijijini, na nyingi hutaka malipo.

Basi, mtoto ambaye hajawahi kuhesabu kitu chochote kwa vidole vyake huanza safari akiwa amechelewa, wala si kosa lake. Mwenzake aliyechambua maharagi pamoja na mama yake amekwisha kuhesabu mara mia bila kujua kwamba anahesabu. Tofauti hii haikuletwa na mali, maana wote wawili wamekula maharagi yale yale. Imeletwa na hili: mmoja ameitwa karibu na chungu, na mwingine amefukuzwa jikoni.

Tena Kanisa latufundisha waziwazi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule husaidia kazi hiyo. Haiji kuichukua mahali pao.

Daktari aliyewatazama watoto

Kulikuwa na mama mmoja wa Italia, jina lake Maria Montessori, aliyezaliwa mwaka 1870 akafariki mwaka 1952. Alikuwa daktari, tena Mkatoliki. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa maskini. Wazazi walikuwa wakienda kazini mchana kutwa, na watoto wao walibaki wakizurura na kuharibu kuta za nyumba.

Mama huyu hakuanza na hotuba. Aliwatazama kwanza. Aliona kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono kabla ya kujifunza kwa masikio, na kwamba apenda kazi ya kweli kuliko mchezo wa bure. Akawapa kazi za nyumbani zilizopimwa kwa nguvu zao: kumimina, kufuta, kunawa, kupanga meza, kuchagua vitu kwa rangi na ukubwa. Wale waliohesabiwa kuwa watundu wakatulia, wakawa na bidii.

Sisi hatuna haja ya vyombo vya Roma. Ungo wetu, kikombe chetu na kinu chetu vyatosha. Tazameni sasa mazoezi haya moja moja.

1. Kuchambua maharagi

Mwageni kikombe kimoja cha maharagi mchanganyiko juu ya ungo. Mtoto atoe kwanza mawe na takataka. Kisha ayatenge kwa rangi: mekundu huku, meupe huku, yenye madoa pale. Akishazoea, ayapange kumi kumi. Mafungu matatu ya kumi na manne yaliyobaki ni ngapi? Ndivyo afahamuvyo thelathini na nne kabla hajaiona imeandikwa ubaoni.

Kazi hii ina faida nyingine iliyofichika. Vidole vitatu vinavyookota haragi ndivyo vitakavyoshika kalamu. Mtoto aliyezoea kuokota vitu vidogo hatatetemeka sana siku ya kuandika herufi ya kwanza.

2. Kumimina na kupima

Mpeni vikombe viwili, kimoja chenye mahindi makavu. Amimine toka kimoja kwenda kingine bila kudondosha. Akiweza, apewe maji. Yanapomwagika, msipaze sauti. Mpeni kitambaa afute mwenyewe.

Kisha apime. Vikombe vingapi hujaza kopo moja? Makopo mangapi hujaza ndoo ndogo? Hapo mtaona jambo la ajabu. Chukueni maji ya kikombe kimoja, myamimine katika chupa nyembamba. Chukueni mengine ya kikombe kile kile, myamimine katika beseni. Mwulizeni mtoto wa miaka minne maji mengi ni yapi. Mara nyingi atasema ni yale ya chupa, maana yamepanda juu. Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi tangu 1896 hata 1980, alilichunguza sana jambo hili. Alifundisha kwamba mtoto wa umri huo si mpumbavu. Akili yake bado hufuata macho. Basi msimcheke, wala msimshindilie jibu. Mwacheni ayarudishe maji katika kikombe mara moja, mara mbili, mara kumi. Siku moja atatambua mwenyewe, na alichotambua mwenyewe hatakisahau.

3. Kugawa

Ndizi moja kwa watoto wawili ni nusu na nusu. Kwa wanne ni robo. Karanga kumi na tano kwa watoto wanne ni tatu tatu, na zinabaki tatu. Hizo tatu zitakuwa za nani? Hapa hesabu yageuka kuwa fundisho la haki. Mwacheni mtoto agawe, lakini wekeni sharti moja: agawaye huchukua sehemu yake mwisho. Mtashangaa kuona jinsi atakavyokata sawasawa!

4. Kuyeyuka na kubaki

Wekeni vikombe vitatu vya maji. Katika cha kwanza mtoto atie chumvi kidogo, katika cha pili mchanga, katika cha tatu mafuta kidogo ya mawese. Akoroge na kutazama. Chumvi imekwenda wapi? Aonje tone moja: imo, ingawa haionekani. Mchanga umezama, mafuta yaelea. Kisha mimineni kijiko cha yale maji ya chumvi juu ya sahani, mwiweke juani. Maji yatakauka na chumvi itarudi nyeupe. Hivyo mtoto hufahamu kwamba kitu kisichoonekana kwa macho chaweza kuwapo kweli kweli.

5. Haragi linaloota

Lalisheni maharagi matano juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, na mtoto achunge kitambaa kisikauke. Baada ya siku chache ngozi yapasuka, mzizi mweupe watokea, nao huelekea chini hata mkiligeuza haragi. Kila jioni achore kwa makaa juu ya kigae kile alichokiona. Mwishoni apande miche yake nyuma ya nyumba. Mtoto anayesubiri haragi lake hujifunza uvumilivu ambao maneno matupu hayawezi kumpa.

6. Mafungu matatu ya chakula

Kabla ya kupika, mtoto aweke chini vyakula vya siku ile katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kutia nguvu: unga, viazi, mchele, ndizi za kupika, mafuta. La pili ni la kujenga mwili: maharagi, karanga, ndagala, mayai, nyama. La tatu ni la kulinda mwili: sombe, lengalenga, mapapai, maembe, nyanya. Kisha mwulizeni: je, kuna fungu lililo tupu?

Swali hili si mchezo tu. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto ambao watu wa huko waliuita kwashiorkor. Mtoto huvimba miguu, nywele zake hubadilika rangi, hukosa furaha. Aliona ukiwapata watoto walioachishwa ziwa na kulishwa chakula cha nafaka tupu. Nyumba nyingi zetu hushiba bugali, lakini fungu la pili ni tupu siku baada ya siku. Mtoto aliyezoea kuuliza juu ya fungu tupu, kesho atakuwa baba au mama asiyeweza kulisahau.

Tena mwonyesheni rangi ya mafuta ya mawese. Ule wekundu ni mali kwa macho ya watoto, maana mwili huugeuza kuwa vitamini A. Wanaoyachoma mafuta jikoni hata yawe meupe hupoteza mali hiyo.

7. Alama ndani ya beseni

Zoezi hili ni la mtoto aliyetimiza miaka sita au saba, nalo laweza kuokoa miguu ya watu.

Mwajua kwamba mihogo michungu ina sumu. Mama zetu huiloweka siku tatu au nne, huikausha na kuitwanga. Hiyo ni hekima ya kale, nasi tuishike. Lakini wakati wa ukame, wa vita au wa njaa, watu hufupisha siku za kuloweka. Hapo huja ugonjwa uitwao konzo: mtu alala mzima, au atoka shambani mzima, na ghafula miguu yote miwili yakazana, isipate kupona tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, hasa mahali ambapo mihogo huliwa karibu peke yake, bila maharagi wala samaki. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, akieleza wagonjwa wa Kwango, na jina lenyewe lilitoka katika lugha ya Wayaka.

Kuna njia nyepesi ya kupunguza sumu iliyobaki katika unga, na tangu mwaka 2010 akina mama wa vijiji kadhaa vya Kwango wamefundishwa kuitumia. Tieni unga mkavu ndani ya beseni, msawazishe juu yake, na mtoto atie alama kwa ndani mahali unga unapofika. Kisha mama amimine maji kidogo kidogo akikoroga. Unga utashuka kwanza. Baadaye, maji yakizidi, utapanda. Mtoto akaze macho juu ya alama yake. Unga ukirudi pale pale, aseme: "Basi, mama!" Tandazeni unga huo juu ya ungo au mkeka safi, unene wake usipite sentimeta 1, ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini. Wakati huo sumu hugeuka kuwa hewa na kwenda zake. Siku ile ile pikeni bugali.

Njia hii haiondoi kazi ya kuloweka. Huongeza ulinzi juu yake. Mtoto naye asionje kamwe mihogo michungu mibichi, wala sombe isiyochemshwa vizuri.

Wavulana nao?

Baba mmoja aweza kusema: "Mimi nina wavulana. Jikoni ni mahali pa binti." Twamjibu kwa heshima: je, mvulana hatahesabu? Hatapima? Hatawahi kuishi mbali na mama yake, mwanafunzi katika mji wa ugeni? Hesabu ya kumi kumi haiulizi kama mkono ni wa Petro au wa Maria. Tena binti anayepika peke yake huku kaka yake akicheza mpira, hufundishwa kimya kimya kwamba kazi yake ni kutumikia, na kaka hufundishwa kwamba haki yake ni kutumikiwa. Hilo silo tulionalo Nazareti, ambako Bwana wetu alikaa miaka mingi akiwatii wazazi wake na kufanya kazi ya mikono.

Na baba mwenyewe asikae mbali. Jioni, mtoto amletee mafungu yake ya maharagi na kumwonyesha. Neno moja la baba, "Umefanya vema, mwanangu," lampa mtoto nguvu ya kuendelea kesho.

Chakula kisipotee, mtoto asiumie

Mtu mwenye njaa akisikia habari hizi ataogopa kwamba chakula kitaharibika. Ndiyo maana twaweka sharti: kila kilichochambuliwa kioshwe na kupikwa, kila kilichogawiwa kiliwe. Hakuna maharagi ya kuchezea na maharagi ya kula. Haki ya maskini yatukataza kumwaga chakula kwa kisingizio cha mafundisho.

Shikeni tena maonyo haya:

Mikono yote inawe kwa sabuni kabla ya kuanza, ya mama na ya mtoto.

Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima mdomoni, maana zaweza kumziba koo. Wala asiachwe peke yake na maharagi, maana wadogo hupenda kuyatia puani na masikioni.

Mbabula, maji yanayochemka na mafuta ya moto ni mbali na mikono ya wadogo. Mtoto hufanya kazi yake chini, penye mkeka, upande wa pili wa moto.

Kisu ni cha mama. Ndizi laini yaweza kukatwa kwa kijiko.

Kazi isipite robo ya saa kwa wadogo kabisa. Mtoto akichoka, acheni kwa furaha. Kesho atarudi mwenyewe.

Lugha gani itumike? Ile mnayoipenda mioyoni mwenu. Tajeni kwanza majina katika lugha ya nyumbani, kisha katika Kiswahili. Fumbeni macho ya mtoto kwa kitambaa, anuse ndimu, kitunguu, tangawizi na ndagala, naye ataje kila kimoja. Kifaransa cha shule kitapata mahali pa kukaa, maana kitu chenyewe amekwisha kukijua.

Kutoka chungu hata Altare

Bwana wetu Yesu Kristo hakuona haya kufundisha kwa vitu vya jikoni. Alinena juu ya mwanamke aliyetia chachu katika vipimo vitatu vya unga, juu ya chumvi, juu ya punje ya ngano inayoanguka udongoni. Aliwalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, akaagiza mabaki yakusanywe, yakajaa vikapu kumi na viwili.

Basi, Dominika jioni, baada ya Misa, wekeni mezani vipande vitano vya viazi na ndagala wawili, na vikombe kumi na viwili vitupu. Simulieni habari ile kwa maneno yenu, na mtoto ahesabu. Mwulizeni: mbona Bwana, aliyeweza kuzidisha mikate, hakutaka mabaki yapotee? Sikilizeni atakavyojibu.

Maria Montessori naye alifanya hivyo. Huko Barcelona, katika Hispania, watoto waliofuata mafundisho yake walipanda ngano na mizabibu, wapate kufahamu mkate na divai vya Misa vilivyotoka wapi. Mtoto aliyeotesha haragi, akapepeta unga, akagawa bugali kwa haki, hatasikia kama hadithi ngeni tunaposema kwamba Bwana amejitoa kwetu katika umbo la chakula. Ishara ya msalaba aifanyayo kabla ya kula itakuwa shukrani ya mtu anayejua chakula kimegharimu nini.

Wazazi wapendwa, hatuwaombi muanze yote mara moja. Siku ya posho, maharagi yatakapowekwa juu ya ungo, mwiteni mdogo wenu aketi karibu. Mwacheni atafute mawe. Atachelewa, atadondosha, atauliza maswali mengi. Mjibuni. Muda mnaodhani umepotea ndio urithi wake, na urithi huo hakuna mwizi wala vita viwezavyo kuuchukua.